Uongo Mumoja wa Papa Placide

Bwana yangu Placide hakujua kusema uongo. Sisemi hakutaka. Hakujua, ginsi mutu mwengine hajui kuogelea. Siku walileta kwetu ngombe za mahari, wajomba yake walizisifu moja kwa moja mupaka ya tano. Baba yangu akauliza, "Na hii ya mwisho iko muzima?" Wajomba wakaitika wote pamoja, muzima kabisa. Placide, ambaye kwa desturi yetu sisi Bashi alipaswa kukaa na kufunga kinywa, akasimama. "Hapana, baba. Mugulu ya nyuma iko na ugonjwa. Ikipanda mulima inachechemea."

Wajomba walitaka kumumeza. Baba yangu alicheka mupaka akamwanga pombe ya kasiksi kwa suruali yake, akasema, "Bibi nimekupa. Ngombe yako inachechemea, lakini mulomo yako inatembea sawa."

Na mimi niliona haya, maana ni mahari yangu ilikuwa inachechemea.

Placide alikuwa amesoma filozofia miaka tatu kwa seminari kubwa. Watu wanafikiri walimufukuza. Hawakumufukuza. Wakubwa walimuuliza kama anasikia Mungu anamwita, akajibu amesikiliza vizuri miaka yote tatu na hajasikia kitu. Wakamufungia valizi yake ya nguo kwa heshima. Ile filozofia haikutoka naye kama masomo, ilitoka kama tabia. Nilimuuliza siku moja ni nini, akasema ni kuuliza kitu mara ya pili, watu wote wakiisha kukijibu. Ya kweli, njo vile alikuwa ananichosha nayo kwa meza. Mimi nilikuwa nauza maharagi ku soko ya Kadutu, naye anaweka kijiko chini na kuuliza:

"Maman Alphonse, kama kila muuzaji anaweka maharagi mbovu chini na mazuri juu, kuko mutu atanunua tena?"

"Kila muuzaji anaweka vile, papa, na kila siku wananunua."

"Basi hawanunui maharagi. Wananunua bahati."

"Kula, bukari inapoa."

Kazi yake ilikuwa dactylo, kupiga mashini mu bureau moja ya serikali kule Ibanda. Jina ya bureau siandiki. Chef yake aliitwa Gaston, mutu munene wa sauti tamu. Siku moja Gaston alimupa barua, akasema aweke tarehe ya juma iliyopita. Placide akasema, "Citoyen chef, leo ni tarehe kumi na ine," na akapiga kumi na ine. Gaston alicheka mbele ya watu. Kucheka kwa Gaston kulikuwa kama kuweka kitu mu mufuko, akitoe siku ingine.

Lakini wenzake walimupenda, kwa sababu walimutumia. Wakigombana nani alichelewa, nani alivunja kikombe, wanasema, "Uliza Placide." Anasema, na ugomvi unaisha. Walizoea hivyo. Sisi wote tulizoea, na hakuna mutu aliyejiuliza siku gani itageuka kuwa hatari.

Ile miaka, serikali ilikuwa imesema majina ya ubatizo yaishe. Kila mutu achukue jina ya bababu. Padri akibatiza mutoto na jina ya watakatifu, anafungwa. Placide akakuwa citoyen Bisimwa, raia Bisimwa, ku kazi, na akabaki Placide mu nyumba yangu, mulango ikiwa imefungwa. Na planton ya bureau, yule wa kupeleka makaratasi na kupika chai, alikuwa citoyen Murhula. Lakini ulimi inakumbuka. Wote walikuwa wanasahau, wanamwita jina yake ya ubatizo: Isidore, leta kachet ya kugonga barua. Isidore, chai iko wapi. Gaston mwenyewe alikuwa anaita vile.

Isidore alikuwa mufupi, mutu wa masheko, wa kuchekesha watu, na bibi yake Martine alikuwa amezaa mutoto wa kike. Ku karatasi ya serikali waliandika Nabintu. Lakini walimubatiza mu nyumba ya katekista, rido za madirisha zimefungwa, padri akasema jina chini-chini kama mutu anayeomba ruhusa ya kupita: Colombe. Najua kwa sababu nilikuwa pale. Nilileta sahani ya maharagi, na Placide alikula sahani mbili.

Gaston alikuwa na mutoto wa dada yake aliyetafuta kazi. Nafasi ya planton ilikuwa nzuri kwake. Mwaka wa 1974, mu mwezi ya tatu, mutu fulani aliandikia watu wa usalama ya kwamba citoyen Murhula anakataa sheria, anajiita kwa jina ya wazungu mu bureau ya serikali, na mutoto wake amebatizwa kwa siri. Ni nani aliandika, sikuona kwa macho. Sisi tulijua.

Wakati ule mutu wa serikali akishikwa na jambo kama lile, anapandishwa mu jeep. Wamoja walirudi bila meno. Wengine bibi zao walipeleka chakula ku mulango ya cachot, gereza yao, juma tatu, juma ine, kiisha wakaambiwa wasilete tena.

Mutu wa usalama alikuja siku ya ine ya juma. Alikuwa kijana wa sauti ya chini, viatu safi mu matope yetu yote, na hiyo viatu safi iliogopesha watu kuliko bunduki. Aliingia mu chumba ya Gaston, akawaita wafanyakazi mumoja mumoja, akawauliza kama ile barua inasema kweli. Placide hakuwa pale, walimutuma kule Katana, inje ya muji, na makaratasi. Walikuwa watu nane, na kila mutu aliogopa. Kusema ndiyo, unamuua Isidore. Kusema hapana, labda mwenzako amesema ndiyo, na unaenda naye. Basi wa kwanza akasema, "Mimi masikio yangu ni mabaya, citoyen. Uliza Bisimwa. Yule hajui kusema uongo." Wa pili akasema vile. Wote nane walisema vile, na Gaston akaongeza kwa sauti yake tamu, "Ni kweli, citoyen. Huyu mutu hajasema uongo tangu nimujue."

Hawakutaka kumufanyia mubaya. Walimupa woga yao aibebe, ginsi walimupa kila kitu.

Placide alirudi vendredi, siku ya tano, akakuta karatasi ku meza yake: aje lundi, kiisha Siku ya Mungu, saa tatu.

Alifika nyumbani, akavua abacost yake, ile koti ya kazi ya wakati ule, akaitundika polepole, akaniambia yote kama ginsi nawaambia ninyi. Mimi nilikuwa nachagua maharagi. Niliendelea kuchagua, lakini vidole vilikuwa vinaacha mawe ndani.

"Na utasema nini?" nikauliza.

"Sijui."

Miaka kumi na moja ya ndoa, sikuwa nimesikia hiyo neno mu kinywa yake.

Nataka kuandika hii sawasawa, maana watu wangu wananijua kuwa mutu wa kiburi na hawatafikiri nitaandika vile: nilitaka aseme ukweli. Nilikuwa na watoto watano. Jeep ilikuwa inasimama chini ya barabara yetu tangu ile siku, hata kama ilikuwa inangojea mutu mwengine, mimi niliona inangojea sisi. Jirani aliyekuwa ananiomba chumvi kila siku aliacha kuomba chumvi.

Asubui ya posho, siku ya sita, ilikuwa salongo, watu wote wa mutaa mu mifereji na majembe kwa lazima. Tulipofika, watu walisogea. Hawakutukimbia, walisogea tu, kama vile tulikuwa na upele. Isidore peke yake alikuja kusimama karibu ya Placide. Walilima mufereji pamoja saa mbili nzima. Alisema kitu moja tu: "Papa Placide, jembe yako inaogopa udongo." Placide akacheka. Mimi niliangalia nani anatuangalia.

Tuliporudi nikafunga mulango.

"Utasema ukweli," nikamwambia.

"Ukweli itamuua."

"Uliniaibisha na ukweli mbele ya baba yangu. Uliambia dada yangu sauti yake inaharibu kwaya. Uliambia padri mahubiri yake ilikuwa ya mwaka jana. Nilivumilia. Leo hii ukweli, mara ya kwanza, inaweza kulisha watoto yangu, na sasa unaichagulia masikio?"

Akakaa ku kiti. "Nilikuwa nasema ukweli haichagui masikio."

"Ulisema. Kila siku."

"Nilisema nikiwa sijaogopa, maman."

"Na sasa unaogopa."

"Sana." Akaangalia mikono yake. "Mutu akiniuliza kitu ili ajue, niko na deni yake, lazima nimulipe ukweli. Lakini huyu haulizi ili ajue. Anajua. Anataka kinywa yangu ikuwe kisu. Je, mwenye kuomba kisu niko na deni yake?"

"Hiyo ni ya seminari. Mimi nakuuliza Alphonse na wadogo yake watakula nini."

"Na kama kila mutu anasema uongo akiona ni vizuri, Gaston naye anaona ni vizuri. Mupaka iko wapi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Ndiyo. Nimekuuliza kwa sababu sina mwengine."

Nilimwambia akate kuni.

Alipokuwa anakata, alisimama, akaongea bila kugeuka. "Kuko kitu ingine kibaya zaidi. Sijui kama ninacholinda ni ukweli ao ni jina yangu. Papa Placide hasemi uongo. Nimeipenda hiyo kama abacost mupya."

Siku ya Mungu, kiisha misa, Martine akaja. Aliingia kwa mulango ya mbele, mutoto mu mugongo, watu wote wakiona.

"Karibu," nikasema, na mulomo yangu haikutaka.

"Asante, maman." Akakaa chini, akavuta kitunga yangu ya maharagi, akaanza kuchagua.

Nikangoja. Nikasema, "Kama umekuja kuomba, yeye ndiye huyu, omba."

"Sikuja kuomba."

"Umekuja kufanya nini basi?"

"Kukaa. Kwetu hakuna mutu anakuja kukaa tena."

Nikaona aibu, na aibu ilinikasirisha. Nikamwambia, "Ukimaliza, toka kwa nyuma, mu migomba. Ile jeep iko pale chini."

"Maman, niliingia kwa mulango. Nikitoka kwa nyuma watasema nimeiba." Akatupa jiwe moja inje. "Maharagi yako iko na mawe mingi leo. Soko itakulalamikia."

Placide akasogea. "Martine, kesho wataniuliza."

"Najua, papa. Isidore alinikataza kukuomba. Alisema kukuomba uongo ni kuomba mutu akate mukono yake. Akasema tena, yeye Placide akisema, walau atasema bila kuongeza." Mutoto akapiga chafya. Martine akamutikisa kidogo, akaendelea kuchagua mupaka kitunga ikaisha. Kiisha akasimama, akatoka kwa mulango ya mbele.

Lundi nilimufuata Placide. Hakujua. Nilichukua kitunga, nikakaa ngambo ya barabara mbele ya bureau kama muuzaji, fasi ambayo hakuna mutu ananunua maharagi. Jeep ilikuwa pale. Shoferi wake alikuwa anakula karanga. Placide aliingia. Nikaanza kusali, nikasahau katikati ya Salamu Maria, nikaanza tena, nikasahau fasi ileile.

Ya ndani aliniambia yeye, na Isidore ambaye walimusimamisha mu koridoro alisikia nusu. Yule mutu wa viatu safi alisema:

"Wanasema wewe husemi uongo."

"Wanasema vile."

"Citoyen Murhula, mu bureau hii wanamwita nani?"

"Murhula."

"Hakuna jina ingine?"

"Wakati mwengine wanasema planton."

"Na mutoto wake anaitwa nani?"

"Nabintu."

"Alibatizwa?"

"Sijui ubatizo wa mutoto yule."

Gaston akasimama mu kiti yake. "Lakini, citoyen—"

Yule mutu akamugeukia polepole. "Lakini nini? Si ni wewe uliniambia huyu hajui kusema uongo? Umenivuta hapa mara mbili. Nani alidanganya sasa, yeye ao wewe?"

Gaston akakaa. Isidore anasema alisikia kiti ikilia chini yake.

Mimi niliona tu jeep inawasha moto. Yule kijana alitoka peke yake, akapanda. Kabla ya kwenda aliangalia barabara yote, akaniangalia na mimi na kitunga yangu, muda murefu kwa mutu ambaye hahitaji maharagi. Kiisha wakaenda.

Placide alitoka nyuma yake. Alivuka, akanikuta, hakushangaa. Alitapika mu mufereji nyuma ya kitunga yangu.

"Umesema?" nikauliza.

"Nimesema uongo. Tatu, ine. Moja kiisha ingine." Akapanguza kinywa. "Haikuwa ngumu, maman. Njo hiyo inaniogopesha. Ilitoka laini."

Nilikasirika. Nilibeba kitunga yangu, nikatembea mbele yake mupaka Kadutu, sikugeuka. Nilikuwa nimejipanga siku tatu kwa kuishi na mutu aliyesema ukweli ule, na sasa ilikuwa lazima nijipange upya. Na karatasi ya ubatizo ilikuwa mahali fulani, na padri alikuwa na kinywa, na katekista alikuwa na kinywa, na watu kumi na mbili walikula maharagi yangu. Mwaka mzima kila gari iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba ilinitoa mu usingizi ao mu kazi. Nilikuwa nashika meza.

Isidore alibaki planton. Mutoto wa dada ya Gaston alipata kazi fasi ingine. Juma mbili kiisha, Gaston alileta barua ku meza ya Placide, akamwambia kwa sauti ya chini, "Weka tarehe ya mwezi uliopita. Sasa unajua ginsi inafanywa." Placide akaweka tarehe ya ile siku. Gaston hakucheka. Lakini hakuweza kumushitaki, maana kushitaki ni kufungua kinywa juu ya ile lundi.

Ninyi munafikiri imeishia pale. Mimi pia nilifikiri.

Pasaka ilikaribia, Placide akaenda kuungama. Alirudi haraka.

"Padri ameniuliza kama najutia. Nimesema hapana. Akasema bila kujutia hawezi kunisamehe. Akaniambia niseme tu najutia, Mungu ataelewa." Akakaa. "Ananiomba uongo mwengine. Na hii ni ya kuambia Mungu."

"Sema unajutia, na ujutie baadaye."

"Kama ingelikuwa leo, ningesema vilevile kwa yule mutu. Sasa kujutia gani hiyo?"

Basi miaka kumi na tatu hakukula komunyo. Kila Siku ya Mungu alikaa ku benchi ya nyuma, mimi napanda mbele peke yangu, na macho ya kanisa yote mu mugongo yangu. Kwetu mwanaume akiacha komunyo, watu wanajua sababu: iko na bibi wa pili. Soko ilinipangia mwenzangu. Jirani yangu wa meza, Euphrasie muuza-sambaza, zile samaki ndogo, alisema mbele ya watu, "Maman Alphonse, mwenzako anakaa Bagira ao Panzi? Tupeleke salamu."

"Muulize bwana yangu," nikamujibu. "Si unajua hasemi uongo."

Akageukia samaki yake. Na mimi nikasikia baridi, kwa sababu nilikuwa nauza kitu ambacho nilijua chini yake kuko mubovu. Nilimeza hiyo bibi wa pili miaka kumi na tatu. Kueleza ilikuwa kumupeleka Isidore mu cachot.

Mwaka wa 1987 mapafu yake ikaharibika. Tulimupeleka ku hospitali ya Katana. Daktari aliniita pembeni, na ginsi aliniita nilielewa. Nikatuma watu watafute padri. Alikuja kijana, mafuta matakatifu mu mufuko, akakaa ku kitanda.

"Papa, unajutia zambi zako zote?"

"Zote," Placide akasema. Akapumua. "Isipokuwa moja."

Padri akaangalia mimi. Woga ya jeep ilikuwa kidogo mbele ya hii. Jeep inachukua mwili. Nikainama ku sikio yake. "Placide, sema zote. Ni neno moja tu."

"Maman Alphonse." Sauti yake ilikuwa kama karatasi. "Ile siku uliniomba ukweli. Leo unaniomba uongo. Chagua."

Basi nikamweleza padri. Ilikuwa mara ya kwanza kuisema kwa mutu. Mulango ya chumba ilikuwa wazi, na mu koridoro watu walikuwa wanapita, na serikali ilikuwa ileile. Nilisema polepole, nikisikiliza viatu. Padri alisimama, akafunga mulango, akarudi kukaa.

"Papa, kama kungalikuwa njia ingine ya kumuponya yule ndugu bila kusema uongo, ungeichukua?"

"Ningeichukua. Kama ningeiona."

"Unajutia ya kwamba hukuiona?"

Placide akafunga macho. Nikafikiri anakufa akiwa anafikiri, ingefanana naye. Kiisha akafungua, akaniangalia mimi, hakuangalia padri.

"Hiyo, ndiyo," akasema. "Hiyo najutia."

Padri akamupaka mafuta ku paji na ku mikono, akamupa komunyo, kipande kidogo na maji. Alikufa siku ya pili yake, asubui. Isidore na Martine walikuja na Colombe, alikuwa murefu kuliko mama yake. Isidore alibeba musalaba, na hakusema sheko.

Watu wananiambia nishukuru, alikufa vizuri. Nashukuru. Lakini aliniangalia mimi wakati alijibu. Kabla ya ile lundi, akisema ndiyo, ilikuwa ndiyo, singeuliza mara ya pili. Sasa sijui. Sijui kama alijutia kweli, ao aliona bibi yake anatetemeka kando ya kitanda, akamuonea huruma, ginsi alimuonea Martine. Nasali kila siku kwa ile jibu yake. Bado naogopa.